Uzuri, Weupe na Haki katika Neno Moja

Lugha ya Kiingereza ina neno dogo la herufi nne, "fair", ambalo mtoto wa shule hukutana nalo mapema na mfasiri haachani nalo hadi anapoingia kaburini. Mtoto hulikuta kwenye ripoti ya mwisho wa muhula, mwalimu amelitia mbele ya somo la hesabu, na mzazi akiuliza maana yake huambiwa kwamba mwanawe hakufeli wala hakufanya vyema: ni wastani. Baharia hulitumia kwa upepo unaomsukuma kutoka tezi. Mtabiri wa hali ya hewa hulitumia kwa siku isiyo na mvua. Karani hulitumia kwa nakala iliyoandikwa upya bila ya kufutwafutwa. Mshairi hulitumia kwa uso wa mwanamke, msusi kwa nywele zenye rangi ya dhahabu. Na hakimu, refa, na mtoto aliyepewa kipande cha mkate kilicho kidogo kuliko cha nduguye, wote hao hulitumia kwa jambo ambalo sisi tungeliita haki. Liko pia "fair" jingine, lile la gulio na maonyesho, lakini hilo lina ukoo wake mbali, limetokana na neno la Kilatini la sikukuu, nami naliacha lipite.

Nimepambana na neno hili kwa miaka mingi, nikiwa sina mwalimu ila kamusi na ukaidi wangu, na lililonishughulisha si wingi wa maana zake. Kiswahili nacho kina maneno ya aina hiyo. Kaa ni mnyama wa pwani, kaa ni kipande cha moto, na kaa ni amri ya kumtaka mtu aketi. Wala hajapata kutokea Mswahili aliyedhani kwamba mnyama yule huketi zaidi ya wengine au kwamba ana moto ndani yake. Hayo ni maneno matatu yaliyokutana njiani yakafanana sura. "Fair" halikuwa hivyo. Hili ni neno moja lililotoa matawi. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, lilikuwa na maana ya kitu chenye kupendeza macho. Katika karne za kati na zilizofuata likachipua tawi la weupe wa ngozi na wa nywele, na kufikia karne ya 14 likawa tayari limechipua tawi la uadilifu. Na matawi ya mti mmoja hunywa maji ya mzizi mmoja. Ndipo ninapouliza: neno linapoweza kumwita mtu mzuri, mweupe na mwadilifu kwa pumzi moja, je, anayelisikia huzitenganisha sifa hizo, au huziacha zikopeshane?

Yuko mwanafalsafa wa Kimarekani, Elaine Scarry, aliyeandika mwaka 1999 kitabu chenye kudai kwamba uzuri na haki ni ndugu, na miongoni mwa mashahidi wake ni neno hili hili. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba uzuri ni ulinganifu: jani lenye pande mbili zilizo sawa, uso uliopimwa vyema, mbingu iliyotandaa juu ya wote bila ya ubaguzi. Mtu aliyezoea kuuona ulinganifu huo katika ua, asema, huandaliwa kuutaka pia katika mahusiano ya wanadamu. Ni hoja nzuri, nami kwa kuwa ni mshairi ningependa iwe kweli. Hata hivyo shahidi aliyemleta ana ndimi tatu, na hoja inasimama juu ya mbili. Ule wa tatu unasema weupe. Tukikubali kwamba neno hili ni ushahidi kuwa uzuri hutufundisha haki, basi kwa kanuni hiyo hiyo tutalazimika kukubali kwamba weupe nao hutufundisha haki, na hapo mwenye akili zake hurudi nyuma hatua moja.

Wala si jambo la kamusi pekee. Huko India, mwaka 1975, kampuni ya Hindustan Lever iliingiza sokoni krimu ya kung'arisha ngozi ya uso na kuipa jina lenye neno hili, Fair & Lovely. Kwa miaka 45 jina hilo lilikuwa likimwambia msichana mweusi wa India jambo ambalo hakuna mahakama ingethubutu kumwambia. Mwaka 2020 kampuni iliona aibu, au ilionyeshwa aibu, ikalibadilisha jina kuwa Glow & Lovely. Neno liliondolewa; krimu ikabaki dukani.

Tuingie sasa mahali ambapo maana zote tatu hukutana chini ya paa moja. Mahali hapo ni tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1969 kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyeifasiri hali ya kuwa ni Rais wa nchi. Kichwa alichokichagua, Mabepari wa Venisi, kimesemwa sana, kwani mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare aligeuka kuwa mabepari wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Wako wanaoona kwamba hapo mwanasiasa alimshinda mfasiri. Mimi naona mfasiri alifanya kazi yake: alikutana na neno lililokuwa likificha uhusiano wa watu na fedha, akaamua kutolificha. Katika neno "fair", kwa bahati mbaya, hakuna mfasiri awezaye kufanya hivyo kwa pigo moja.

Portia ni binti tajiri wa Belmont. Bassanio anapomsimulia rafikiye Antonio habari zake, anautaja urithi wa binti kabla ya uso wake, na uso kabla ya tabia yake, na neno analoliegemea katika uso na tabia ni hilo "fair". Nywele zake anazifananisha na ile ngozi ya kondoo ya dhahabu katika hekaya za Wayunani. Basi tumekwisha kupata uzuri, weupe, na fununu ya wema, na mali pia iko pale mlangoni. Kisha anakuja mchumba mwingine, mwana wa mfalme wa Morocco, ambaye jambo la kwanza analolisema ni kumwomba Portia asimkatae kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Portia anamjibu kwa adabu kwamba nafasi yake ni "fair" sawa na ya mchumba mwingine yeyote aliyepata kumwona. Msomaji aliyekwisha kumsikia akiwadhihaki wachumba hao wote mbele ya mjakazi wake anajua thamani ya ahadi hiyo. Lakini tazama mfasiri anavyofungwa mikono. Kwa Kiingereza, mtu mweusi amepewa kwa heshima neno lile lile linalomtoa nje: ameambiwa kwamba ana nafasi ya haki, kwa neno linalomaanisha pia kwamba angekuwa mweupe. Kiswahili kitasema "nafasi sawa", au "bahati sawa", na kejeli yote itaanguka chini kama maji. Mwana wa mfalme akichagua sanduku lisilo lake na kuondoka, Portia anatamani kwamba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Hapo Kiingereza nacho hakina tena mafumbo.

Iko mifano mingine humo ndani, nami nitautaja mmoja tu kwa kuwa watu huupita haraka. Jessica, binti wa Myahudi Shylock, anapomwandikia barua mpenzi wake Mkristo, mpenzi huyo anausifu mwandiko wake kwa neno "fair", na papo hapo anausifu mkono ulioandika kwa kuushinda weupe wa karatasi. Baadaye, binti akishatoroka, baba anaambiwa barabarani kwamba nyama yake na ya binti yake hazifanani, kama visivyofanana kitu cheusi tititi na pembe ya ndovu. Ni baba na mwana waliotoka nyumba moja. Kilichobadilika ni kwamba mmoja amevuka upande wa pili, na neno limemvusha pamoja na rangi yake.

Hatimaye inakuja mahakama. Antonio amekopa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, fedha hizo amempa Bassanio akamposee Portia, na rehani ni ratli moja ya nyama ya mwili wake. Mkopo haukulipwa kwa wakati. Portia, amevaa mavazi ya kiume na kujiita mwanasheria, anaingia barazani na kujifanya haoni nani ni nani kati ya wawili wanaoshitakiana. Hiyo ndiyo "fair" ya hakimu: macho yasiyotambua uso. Lakini sisi tulioketi ukumbini tunajua kwamba hakimu huyu ni mke wa mtu ambaye deni lilichukuliwa kwa ajili yake, na kwamba fedha ya kulipia ameitoa mfukoni mwake. Kadhi yeyote wa Unguja au Mombasa angejiuzulu shauri kama hilo kabla ya jua kuchomoza. Anahukumu kwa herufi ya mkataba, nyama bila ya damu, kisha anaichomoa sheria nyingine inayomhusu mgeni aliyekusudia kumuua raia. Wote hushangilia. Nami nauliza swali ambalo Kiingereza huniruhusu kulikwepa na Kiswahili hakiniruhusu: Portia yule "fair", je, alikuwa mwadilifu? Mwingereza anaweza kulisoma neno, likamjia na nywele za dhahabu na mwanga wa mbalamwezi, na asihisi kwamba limemdai chochote. Mimi lazima nichague. Nikiandika "Portia mzuri" nimeiacha mahakama nje. Nikiandika "Portia mwadilifu" nimetoa hukumu kabla ya kesi. Na "Portia mweupe" hakuna mhariri atakayeipitisha, ijapokuwa ni moja ya tafsiri sahihi.

Ziko fani nyingine ambamo neno hili limewashinda watu wakubwa kuliko mimi. John Rawls, Mmarekani, alichapisha mwaka 1958 makala iliyokuja kuwa shina la kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971, na kichwa cha makala kilidai kwamba asili ya haki ni kuwa "fair". Anatutaka tuzifikirie kanuni za jamii kana kwamba hakuna ajuaye atazaliwa nani, tajiri au maskini, mwenye kipaji au asiye nacho. Kanuni zitakazokubaliwa chini ya pazia hilo ndizo za haki. Sasa jaribu, msomaji, kukifasiri kichwa hicho kwa njia ya kawaida. Kitatoka "Haki kama haki". Wajerumani walipolikuta tatizo hilo hawakuhangaika, waliliacha neno la Kiingereza kama lilivyo ndani ya Kijerumani chao, ambamo lilikuwa limekwisha kuhamia. Wafaransa nao husema "fair-play". Mwanaisimu Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha mwaka 2006, amefika mbali zaidi akisema kwamba dhana hiyo ni ya Waingereza wenyewe, na kwamba lugha nyingine za Ulaya hazina neno la kuilingana.

Nadhani tofauti iko hapa. Haki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ukweli na pia ni kile ninachostahili. Nasema "haki yangu" kama ninavyosema "shamba langu". Haki haina daraja. Ipo au haipo. Ukisema "haki kidogo" watu watadhani unatania. "Fair" lina daraja nyingi, na ndiyo maana limeweza kushuka hadi likawa alama ya wastani kwenye ripoti ya mtoto. Waangalizi wa uchaguzi huandika kwamba upigaji kura ulikuwa "fair" kwa jumla, au kwa kiasi cha kuridhisha, na Kiingereza hakioni tabu. Sisi tumeifasiri ibara yao kwa maneno "huru na wa haki", na wananchi wa visiwa hivi wameisikia tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, kila upande ulinena habari ya haki, kwa maana nzima ya neno hilo. Ripoti hupima namna mchezo ulivyochezwa. Aliyepiga kura hudai kitu chake. Tafsiri imewaketisha meza moja na kuwafanya wadhani wanazungumza jambo moja.

Baharia alikuwa mkweli kuliko wote. Upepo wa kaskazi ulikuwa "fair" kwa nahodha atokaye Maskati kuja Unguja, na siku hiyo hiyo ulikuwa wa omo kwa aliyetaka kupanda kwenda. Hakudai kwamba upepo ni mwema. Alijua kwamba sifa hiyo hutegemea unakoelekea.

Nisije nikaonekana nawacheka Waingereza hali ya kuwa nyumba yangu inavuja. Mweupe kwetu ni neno la rangi, lakini moyo mweupe ni moyo usio kinyongo, na roho nyeusi hakuna mtu anayeitaka. Kwenye harusi bibi harusi "maji ya kunde" husifiwa, na mitaani vijana wana msemo wao, "cheupe dawa", unaosema waziwazi kile ambacho matangazo ya India yalikisema kwa haya. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado nyuso zinababuka. Hatukulihitaji neno la Kiingereza ili tufike hapo.

Na liko jambo zito zaidi. Mtangazaji wa mpira, akitaka kufasiri ile "fair" ya uwanjani, hasemi haki. Husema mchezo wa kiungwana. Ni tafsiri nzuri, hata mimi nimeitumia, kwa sababu inachukua adabu, kujizuia, na kumheshimu mpinzani, mambo ambayo neno haki peke yake halina. Lakini muungwana alikuwa nani? Alikuwa mtu asiye mtumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na mpaka siku hiyo mtu angeweza kuwa mpole, mkweli, mwenye kutimiza ahadi, na bado asiitwe muungwana, kwa kuwa mamaye alinunuliwa. Kiingereza kiliikabidhi haki kwa wenye ngozi fulani. Kiswahili cha pwani kiliikabidhi kwa wenye nasaba fulani. Leo tumelisafisha neno, au tumelisahau, na kijana wa Ng'ambo husema "huo si uungwana" bila ya kujua kwamba babu wa babu yake angelisikia neno hilo akainamisha kichwa. Sisemi tuliache. Maneno yakiachwa kwa sababu ya madhambi ya waliotangulia tutabaki mabubu. Nasema mfasiri anayewalaumu wengine kwa kuufumbata weupe ndani ya haki aliangalie na hilo.

Katika kutafuta nimekutana na neno la wazee, adimu siku hizi, insafu. Maana yake ni uadilifu, na linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa nusu. Mwenye insafu ni mwenye kugawa kati kwa kati. Hakuna uzuri ndani yake, hakuna rangi wala nasaba. Kuna kisu na mkate tu. Rawls mwenyewe anatoa mfano wa keki inayokatwa na mtu atakayechukua kipande cha mwisho, na nilipousoma niliona kwamba "Haki kama insafu" ingemfaa kuliko chochote. Nilifurahi kwa siku kadhaa.

Halafu nikarudi kwenye baraza la Venice kuona kama neno hilo litasimama. Sheria aliyoichomoa Portia inasema kwamba mali ya Shylock igawiwe kati kwa kati: nusu apewe Antonio, nusu iende hazina ya dola. Mtawala anamsamehe roho yake, na anadokeza kwamba ile nusu ya hazina yaweza kugeuzwa faini. Antonio anaomba faini hiyo isamehewe. Nusu yake mwenyewe ataishika kwa ajili ya yule kijana aliyetoroka na Jessica. Na anaweka sharti kwamba Shylock awe Mkristo na aandike kwamba chochote atakachokufa nacho ni cha kijana huyo na binti. Nusu kwa nusu, hesabu imetimia, na kwa kila kipimo cha mzizi wa neno hiyo ni insafu. Mwenye mali hakuulizwa. Anasema kwamba hajisikii vizuri, anaomba aondoke, hati ipelekwe nyumbani ataitia saini huko. Ukurasa huo wa tafsiri yangu, palipo na jina la Portia na sifa yake, bado una nafasi tupu.